Siku Hawah Alipotumwa

Majirani wa Kaltumu pale Koboko walisema ulimi wake ungeweza kukata nyama bila kisu. Alimtania imamu, alimtania askari wa kizuizi cha barabarani, alimtania hata mauti, ambayo yalikuwa yamekwisha kumchukulia waume wawili. "Wa tatu simtaki," alisema. "Nimechoka kupika pilau ya matanga." Nyumba yake ilipoungua alicheka akiwa bado na majivu kichwani, kwani maisha yalikuwa yamemfunza kwamba mwanamke anayelia hupata maumivu ya kichwa, na anayecheka hupata watu wa kumsaidia kubeba mabati.

Kwa mwanamke huyo wa maneno mengi, Mola akamletea mjukuu asiyekuwa na hata neno moja.

Mjukuu huyo aliitwa Hawah. Baba yake, Sulemani mwana wa Kaltumu, alikuwa jeshini huko kusini pamoja na mkewe, na mtoto wao wa kwanza, kama ilivyo desturi, akaachwa alelewe na bibi. Alikuwa ameanza kung'oka meno ya utoto. Kusikia alisikia. Ukimwambia alete kinu, analeta kinu. Ukimwambia asile sukari, anaila huku akikutazama. Shida ilikuwa mdomo. Alipotaka kusema, midomo ilikutana pasipotakiwa, ulimi ukapanda uliposhurutishwa kushuka, jasho likamtoka puani, kama mtu anayetafuta kibiriti gizani: anagusa kikombe, anagusa kiatu, kibiriti hakioni. Leo "maji" yalitoka "bai", kesho yalitoka "ami", keshokutwa hayakutoka kabisa.

Dawa zilijaribiwa. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliandika aya kwenye ubao, akauosha wino, Hawah akanywa. Kaltumu alimshukuru sana, maana dua haipotei. Kisha akaja bwana mmoja kutoka Dranya na wembe, akidai atakata uzi ulio chini ya ulimi wa mtoto.

"Toa wako kwanza tuupime," Kaltumu akamwambia.

Yule bwana, kwa mshangao, akautoa.

"Mbona huu hauna uzi wowote, na bado unasema upuuzi? Nenda zako na wembe wako, ukamnyoe mbuzi."

Watu walicheka, lakini Kaltumu usiku huo hakupata usingizi mzuri. Mitaa ya Wanubi huendeshwa na watoto wanaotumwa. Mtoto hutumwa kuomba kaa la moto, hutumwa kurudisha ungo, hutumwa kuuliza mgonjwa ameamkaje. Ramadhani ndiyo usiseme: kila jioni sahani hupita njiani zimefunikwa kwa kawa, zile ambazo Wanubi huziita tabaga, na chini ya kila kawa kuna futari, na nyuma ya kila kawa kuna mtoto anayejua kusema imetoka kwa nani. Mtoto asiyetumwa ni kama mlango uliopigwa misumari. Uko ukutani, lakini hakuna anayeupita.

Mwaka ule, kabla ya Ramadhani, Kaltumu alikwenda Arua kuuza kawa alizosuka mwenyewe, akaenda na Hawah. Sokoni aligeuka kidogo tu, kubishana na mteja aliyesema rangi nyekundu imezidi, na alipogeuka tena, mtoto hayupo.

Hawah alikuwa amesimama kando ya lori la kwenda Pakwach. Utingo alimwinamia. "Wewe mutoto ya nani?" Hawah akafungua mdomo. Midomo ikahangaika, sauti ikakwama. Utingo akauliza mara ya pili kwa kelele, kana kwamba tatizo ni masikio, kisha akaamua kwamba huyu bila shaka ni wa abiria fulani, akamnyanyua na kumketisha juu ya magunia. Lori lilikuwa linanguruma tayari. Aliyemshusha ni Zéphyrin, Mkongo mmoja muuza vitambaa, ambaye meza yake ilikuwa jirani, naye aliona yote. Hakumshusha kwa sababu alimjua mama yake. Alimshusha kwa sababu aliona jinsi mtoto anavyopigana na mdomo wake, na mkewe nyumbani kazi yake ilikuwa kuwafunza kusema watu wa namna hiyo.

Habari hiyo ilifika Koboko kabla ya Kaltumu. Shemeji yake Tahiru, kaka mkubwa wa yule marehemu mumewe aliyemzaa Sulemani, na ndiye mkubwa wa ukoo, alimngoja barazani. Alikuwa sajini mstaafu, mtu wa maneno machache, na kila neno alilipiga pasi kabla ya kulitoa.

"Shemeji, mimi hapana na ubaya na mutoto," alisema. "Lakini dunia ya sasa, mutu mukubwa, iko na jina, iko na barua mfukoni, bado anapotea. Huyu bila jina je? Baada ya Idi nitampeleka Abuku kwa dada yangu. Kule iko mbuzi, iko mihogo. Lori hapana."

Alichosema Tahiru kilikuwa kweli tupu, na ndiyo maana kiliuma.

"Na kama akiweza kusema yeye ni wa nani?"

Tahiru alifikiri. "Ramadhani inakuja. Atumwe kwangu na futari. Akinieleza yeye mwenyewe, kwa mudomo yake, nani amemtuma, atakaa. Lakini yeye, shemeji. Si wewe."

Kesho yake Kaltumu alirudi Arua na mtoto, akafikia kwa mpwa wake, na kila siku akampeleka Hawah mtaa wa Onduparaka, nyumbani kwa mke wa Zéphyrin, kama Zéphyrin alivyomwelekeza.

Mke huyo aliitwa Scholastique. Kwao Kongo alikuwa muuguzi, na masista wa Kisangani walimfundisha kuwarudishia usemi watu waliopigwa kichwani na kuwafungulia watoto ambao midomo yao haikutii. Vita vilipomkimbiza akaja na nguo chache na ujuzi huo. Siku ya kwanza hakufanya lolote ila kucheza na Hawah, kupuliza majani, kulamba asali pembeni mwa mdomo, huku akitazama, akitazama.

"Mama," alimwambia Kaltumu mwishowe, "ule mutoto haiko bubu. Haiko mujinga. Neno anajua. Mudomo njo haijajua njia."

"Itaijua lini?"

"Wewe ulijifunza kusuka kawa namna gani? Mama yako alikueleza?"

"Anieleze nini! Alinishika vidole. Nikikosea, anafumua, tunarudia. Pole pole, mpaka vidole vikajua vyenyewe."

"Ee. Njo vile vile."

Na kweli ilikuwa vile vile. Scholastique aliketi uso kwa uso na Hawah, magoti yakigusana. "Nitazame." Walisema neno pamoja, pole pole, likivutwa kama ubeleko. Kisha Scholastique akapunguza sauti, akabaki anatikisa midomo tu, Hawah akisema. Kisha akanyamaza kabisa, Hawah akajaribu peke yake. Likipotea, walirudi mwanzo, pamoja tena. Midomo ikikataa kukutana kwenye "ba", vidole viwili vya Scholastique viliikutanisha kwa upole, kama mtu anayefunga kifungo cha mtoto. Maneno aliyachagua machache, yale ya maisha yake mwenyewe, na hayo hayo waliyarudia tena na tena, kidogo asubuhi, kidogo mchana, kabla mtoto hajachoka.

"Nyumbani tunasema Kinubi, sokoni Kiswahili, kwa jirani Kikakwa," Kaltumu alieleza kwa wasiwasi. "Labda tumemchanganya?"

"Hapana. Luga haiko kosa. Batoto bengi hapa biko na luga tatu, banasema tu. Tuanze na maneno kidogo, ya luga yoyote."

Neno la kwanza lilikuwa "haboba", ndivyo Wanubi wamwitavyo bibi. Na hapo ndipo ilipoonekana kwamba nyumba ile ilikuwa na wagonjwa wawili.

Scholastique aliuliza, "Huyu nani?" akimwonyesha Kaltumu.

Hawah alianza kukusanya midomo.

"Haboba!" akajibu Kaltumu.

"Mama, minauliza mutoto."

"Samahani. Nimekoma."

"Huyu nani?"

Midomo ya Hawah ikatetemeka, ikafunguka, ikafungika.

"Ha... ha... mwambie haboba, mwanangu, haboba!" akadakia Kaltumu.

Scholastique aliinuka bila neno, akarudi na kikombe cha maji. "Chukua, mama. Weka kinywani. Usimeze, usiteme."

Kaltumu akatii. Akaketi na mashavu yamevimba kama chura wa mvua za Aprili, macho yamemtoka, na maneno yote aliyozoea kuyatoa yakimrundikana kooni. Nje vijana wa Onduparaka walikuwa wanacheza mpira; goli likaingia, kelele zikapanda, na Kaltumu, ambaye hakuna goli lililowahi kufungwa akiwapo bila yeye kumtukana golikipa, alitaka kusema neno. Maji yakamtoka kwa mdomo na kwa pua, yakamlowesha Scholastique toka kitambaa cha kichwani mpaka miguuni.

Hawah alicheka hadi akaanguka chini. Na katikati ya kicheko, safi kama kengele, likatoka: "Haboba!"

Wanawake wawili wakatazamana. "Sema tena, mwanangu!" Kaltumu alisihi. Hawah akajaribu. Likatoka "baha". Likatoka "obo". Kisha halikutoka.

Kaltumu machozi yalimlengalenga, lakini Scholastique, akijipangusa uso, alikuwa anatabasamu. "Hii imekuja yenyewe, kama kuku ya jirani. Sasa tutengeneze njia, ikuje siku tunaiita."

Wakaitengeneza. Kaltumu alimeza maji mengi mwezi ule. Hadi mwezi mwandamo wa Ramadhani ulipoonekana, Hawah aliweza kusema "haboba" alipotaka, na "futari", na "natuma", kila moja kwa mvuto wake, na alikuwa ameanza kuyafunga pamoja. "Haboba natuma futari." Ilichukua muda. Mtu angeweza kufunga kilemba wakati anasubiri. Lakini ilifika. Scholastique aliwasindikiza mpaka kwenye lori la Koboko, akamwonyesha Kaltumu mara ya mwisho jinsi vidole vinavyokaa pale midomoni, kisha akamshika mkono. "Mutoto anaweza, mama. Kazi yako njo kungojea."

"Unanipa kazi nisiyowahi kuifanya," alisema Kaltumu.

Jioni ya kwanza ya Ramadhani Kaltumu hakuthubutu kumtuma kwa Tahiru. Alimtuma kwanza kwa jirani wa mkono wa kulia, apate mazoezi. Alimpa sahani ya viazi vitamu chini ya kawa, akamwangalia anavyokwenda, mabega juu, akitembea kama amebeba taa.

Hawah akarudi upesi mno. Alikuwa na sahani tupu na uso wa mvua.

"Umesema?"

Hawah alitikisa kichwa kukataa.

Kesho yake alitumwa kwa jirani wa kushoto. Vile vile. Keshokutwa, kwa mke wa mshona viatu. Vile vile, na safari hii Hawah alitupa kawa chini, akaipiga teke mpaka kwenye banda la kuku.

Basi siku iliyofuata Kaltumu alimfuata kwa nyuma, akajibanza kwenye ua wa mianzi. Akamwona mjukuu wake amesimama mlangoni, anakusanya midomo kama alivyofundishwa. Na akamwona mwenye nyumba anatoka, mikono imenyooshwa, uso umejaa huruma.

"Eh, Hawah, mwanangu! Haboba ametuma futari, siyo? Lete, lete, usichoke bure! Mwambie tunashukuru sana!"

Na sahani ikachukuliwa, ikarudishwa tupu. Na mlango ukafungwa. Na neno la Hawah likabaki mdomoni kama mgeni aliyeambiwa hakuna nafasi.

Kaltumu aliegemea ule ua. Mtaa mzima ulikuwa na ugonjwa wake. Hakuna Mnubi atakayemwacha mtoto ahangaike mlangoni pake. Mgeni hupokewa mzigo kabla ya salamu, na mwenye shida husemewa kabla hajaomba. Wema ule ule uliomjengea nyumba mpya baada ya moto ndio uliokuwa unamziba mtoto mdomo. Na kule kwa Tahiru, mkewe Bakhita alikuwa mwema kuliko wote.

Asubuhi Kaltumu alizunguka nyumba kwa nyumba, akawakusanya wanawake uani kwa Bakhita.

"Dada zangu, nimekuja kuomba. Hawah akija na sahani, nyamazeni."

Bakhita akapiga makofi. "Jamani, tuandike wosia! Kaltumu anaomba watu wanyamaze! Kiama kiko karibu!"

"Chekeni, nichekeni mimi mpaka Idi. Lakini mkimsemea, mnampeleka Abuku."

"Sasa, dada yangu, mutoto anasimama pale anateseka, mimi natazama tu? Moyo itapasuka."

"Hateseki, anatafuta. Weka maji mdomoni."

"Mwezi wa Ramadhani, maji mdomoni?"

"Basi uma kanga!"

Wakacheka, lakini walimwahidi. Na wanawake wale, Mungu awape heri, walijaribu. Jirani wa kulia aliuma kanga. Mke wa mshona viatu alijifanya amepaliwa. Mmoja aligeuka akaongea na mbuzi mpaka Hawah alipomaliza. Na mtoto akaanza kurudi nyumbani na sahani tupu, kifua mbele, akimwangalia bibi yake kama mtu aliyevuka mto.

Lakini mwezi ulizidi kukonda, Idi ikakaribia, na mlango wa Tahiru ulikuwa bado.

Jioni ile Kaltumu alipika mchuzi wa kunde, bila chumvi kwa kuwa mwaka ule ilikuwa imeadimika madukani, na kisra laini, ule mkate mwembamba wa Wanubi, akaufunika kwa kawa yake bora. Hakumwambia Hawah lolote zaidi ya "Kwa Baba Tahiru." Mtoto alielewa. Alikwenda polepole, na Kaltumu nyuma yake, kutoka ua hadi ua, mpaka akajibanza nyuma ya jiko la Bakhita na kanga katikati ya meno.

Aliyefungua mlango hakuwa Bakhita. Alikuwa Tahiru mwenyewe, kikombe cha maji mkononi, tayari kufuturu. Nyuma yake nyumba nzima imekaa kwenye mkeka kuzunguka sinia. Na wakati huo huo, adhana.

Kila Mwislamu anajua kwamba adhana ya magharibi ikisikika, hakuna kungoja. Hukawizi futari. Koo la Tahiru lilikuwa kavu tangu alfajiri, na siku hiyo alikuwa ametoka shambani kwake. Kikombe kilipanda nusu ya safari kwenda mdomoni.

Hawah alifungua mdomo. "Ha..."

Kikombe kikasimama.

"Ha... fa..." Akasita. Lile la pili si lenyewe. Akafumba macho, akaanza upya, kama anayefumua. Pale kwenye mkeka Bakhita alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, moja juu ya nyingine, na machozi yanamshuka juu ya vidole. Hakuna aliyegusa chakula. Hakuna aliyemeza. Adhana iliendelea hadi ikaisha, na watu wote wale wenye njaa walikaa kimya, wanamngoja mtoto.

Hawah aliinua mkono wake usiobeba sahani, akaigusa midomo yake kwa vidole viwili, mahali pale pale alipozoea kuguswa.

"Ha-bo-ba," alisema. "Na-tu-ma. Fu-ta-ri."

Nyuma ya jiko Kaltumu alikaa chini, kwenye tope, kanga ikiwa bado katikati ya meno.

Tahiru alikuwa bado hajanywa. "Haboba nani?" akauliza, kwa sauti ya kawaida, kama anavyomwuliza mtoto yeyote.

Hili lilikuwa jina refu, gumu, ambalo kwenye mazoezi lilikuwa bado linavunjika. Hawah alilipigania. "Ka-tu-mu," alisema. Halikuwa zima. Lakini Koboko nzima isingekosa kujua ni nani.

Ndipo Tahiru aliposema bismillahi na kunywa, na watu wote wakanywa. Akapokea sahani, akafunua kawa, akachovya kidole kwenye mchuzi, akaonja. Akatafakari. Kaltumu alingoja hukumu: atakaa, au atakwenda. Lakini Tahiru aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Rudi kwa haboba," alimwambia. "Mwambie: Baba Tahiru anasema, chumvi hapana."

Hakuna aliyemfundisha Hawah ujumbe huo. Aliusikiliza, akautazama mdomo wa mzee, akatikisa kichwa kukubali, akageuka na kuondoka. Ametumwa.

Kaltumu alipitia nyuma ya vyoo, akaruka shimo la takataka, akapoteza kandambili moja, akafika kwake akihema na kuketi kwenye mkeka kama mtu ambaye hajaondoka tangu adhuhuri. Hawah aliingia. Alisimama mbele yake. Midomo ilianza kutafuta, na Kaltumu, aliyeujua ujumbe wote neno kwa neno, aliyekuwa nao pale kwenye ncha ya ulimi, akanyamaza. Hakuhitaji maji wala kanga. Alinyamaza tu, akimtazama, moyoni akisema alhamdulillahi, na asante Scholastique, na asante Zéphyrin kwa macho yako, na asante hata wewe Tahiru, jiwe la kusagia.

"Ba-ba," alisema Hawah. "Chu... chu-bi. Chumvi. Ha-pa-na."

"Nini?" Kaltumu aliruka, machozi na kicheko vikimtoka pamoja. "Chumvi hapana? Mwaka huu chumvi iko wapi, Koboko nzima? Yeye anayo? Rudi! Rudi sasa hivi, umwambie Baba Tahiru... mwambie..." Akatafuta maneno machache, yanayobebeka. "Mwambie: lete yako!"

Hawah alimtazama mdomo, akaujaribu ujumbe bila sauti. Kisha akatoka mbio.